Kuzitambua faili za programu kwa heshi: mwongozo wa fundi anayeanza

Maswali ni yaleyale kila kijana mpya anapoingia kwenye ufundi wa kompyuta, awe Wandegeya, Arua au Mbale. Faili hii ni ya Windows au ni virusi? Mtu akiibadili jina, nitaijua bado? Tovuti imeweka mstari mrefu wa tarakimu na herufi chini ya kitufe cha kupakua, ni wa nini? Nayajibu hapa yote pamoja, kwa hatua za kufuata kompyuta ikiwa mbele yako.

Shika jambo moja kwanza, maana makosa mengi yanaanzia hapo. Heshi ndiyo huo mstari mrefu wa tarakimu na herufi, unaokokotolewa kutoka kwenye baiti zote za faili, na inajibu swali moja tu: je, faili hii ni ileile na faili fulani, baiti kwa baiti? Haisemi faili ni nzuri, wala haisemi ni mbaya. Hayo unayapata kwenye orodha unayolinganisha nayo, kwa hiyo uzito wa jibu ni uzito wa orodha. Wapo mafundi wanaofuta faili za dereva za mteja kwa sababu tu hazikujulikana, na wapo wanaoacha zana ya kuvunja nywila kwenye mashine ya shule kwa sababu inajulikana. Wote wawili wameielewa heshi vibaya.

Vitu vya kuandaa

- Kompyuta moja unayoiamini, yenye Windows 10 au 11, au Linux kama Ubuntu. Zana zote za mwongozo huu ni za bure, na nyingi tayari zimo ndani ya mfumo.
- Folda ya kazi kwenye kompyuta hiyo, tuseme `C:\kazi`, au `~/kazi` kwenye Linux. Orodha zako zote zikae humo, zisikae kwenye flashi unayoichunguza.
- Bando dogo tu. Kuuliza heshi moja mtandaoni kunatumia data kidogo sana. Bando kubwa au waifai utaihitaji ukifika hatua ya 6, na unaweza kuiacha hatua hiyo kwa sasa.
- Ruhusa ya mwenye mashine, ikiwezekana kwa maandishi. Uganda tuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, na kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa hata kama nia yako ni kusaidia.

Kama kazi inaweza kuishia polisi au mahakamani, simama hapo hapo. Usiichomeke diski yenyewe kwenye Windows, kwa sababu Windows huandika vitu vyake kwenye diski bila kukuuliza. Mpe mtu mwenye vifaa vinavyozuia kompyuta kuandika chochote kwenye diski, au fanya kazi kwenye nakala.

Nadharia, kiasi cha kutosha tu

Utakutana na aina tatu, na utazitofautisha kwa urefu. MD5 ina herufi 32, SHA-1 ina 40, SHA-256 ina 64. Zote ni tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Tumia SHA-256. MD5 ilivunjwa mwaka 2004, watafiti wa China walipoonyesha faili mbili tofauti zenye heshi moja, na mwaka 2012 ikagundulika kwamba programu ya ujasusi ya Flame ilitumia udhaifu huo kughushi cheti cha Microsoft. SHA-1 ikafuata mwaka 2017, pale taasisi ya CWI ya Amsterdam na Google walipotoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja. Hata hivyo orodha nyingi za zamani zimeandikwa kwa MD5 na SHA-1, kwa hiyo bado utazihitaji kwa kutafuta. Usizitumie kuthibitisha kwamba faili haijachezewa.

Hatua

1. Jipime kwa faili ndogo. Usiruke hatua hii, inajibu nusu ya maswali. Fungua Notepad, andika `abc` bila kubonyeza Enter, hifadhi kama `C:\kazi\jaribio.txt`. Kisha fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, uandike:

   `Get-FileHash C:\kazi\jaribio.txt`

   Jibu lianze na BA7816BF na kuishia na F20015AD. Huo ndio mfano ambao NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, huutumia kuonyesha SHA-256 inavyofanya kazi, kwa hiyo popote duniani jibu ni hilo. Kwenye Linux andika `printf 'abc' | sha256sum`, utapata kilekile kwa herufi ndogo.

   Sasa libadili jina faili liwe `picha.jpg` na upime tena. Heshi haikusogea, kwa sababu jina halimo ndani ya faili. Rudisha jina, ongeza Enter moja baada ya abc, hifadhi, pima. Heshi yote imegeuka, hakuna hata kipande kinachofanana na cha mwanzo. Ndiyo maana mwenye virusi anayeibadili jina faili yake hajajificha, ila anayebadili baiti moja ndani yake ameshatoka kwenye orodha.

2. Hakiki faili uliyoipakua. Tuseme umepakua kisakinishi cha VLC, programu ya kuchezea video. Tovuti ya VLC inaonyesha SHA-256 yake. Usilinganishe kwa macho. Watu hutazama herufi nne za mwanzo na nne za mwisho wakaridhika. Iachie kompyuta:

   `(Get-FileHash .\vlc.exe).Hash -eq "bandika heshi ya tovuti hapa"`

   Itajibu True au False. Badala ya `vlc.exe` weka jina kamili la faili yako. Kwenye Linux, kama wenye programu wametoa faili la SHA256SUMS kama Ubuntu wanavyofanya, liweke folda moja na ulichopakua, uandike `sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing`.

   Onyo: heshi iliyotoka mahali palepale faili ilipotoka ina nguvu ndogo. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakaelekeza kiungo cha kupakua kwenye toleo lenye mlango wa nyuma. Aliyeweza kubadili kiungo anaweza kubadili na heshi iliyo pembeni yake. Kwa hiyo ichukue heshi kwenye tovuti rasmi hata kama faili umepewa na rafiki kwa flashi, na kama kuna sahihi ya kidijitali, ihakiki pia. Heshi iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na faili lenyewe haina thamani yoyote.

3. Toa heshi za folda au flashi nzima. Folda haina heshi yake. Unapima kila faili iliyomo. Kama flashi imesomeka kama D:

   `Get-ChildItem D:\ -Recurse -File -Force | Get-FileHash | Export-Csv C:\kazi\orodha.csv -NoTypeInformation`

   Neno `-Force` ndilo wanaoanza hulisahau. Bila hilo, faili zilizofichwa hazisomwi, na virusi vya flashi hujificha hasa huko: vinaficha folda zako za kweli na kuweka shotikati zenye majina yaleyale. Kwenye Linux:

   `find /media/flashi -type f -print0 | xargs -0 sha256sum > ~/kazi/orodha.txt`

   (Badala ya `/media/flashi` weka njia halisi ya flashi yako.)

4. Soma orodha kwa macho kabla ya kuuliza mtandao. Panga kwa safu ya heshi. Heshi inayoanza na e3b0c442 na kuishia na 7852b855 ni ya faili tupu, haina hata baiti moja ndani. Utaikuta mara nyingi, iondoe na usiwe na wasiwasi. Kisha tafuta heshi moja inayojirudia chini ya majina tofauti. Kwenye Linux:

   `sort ~/kazi/orodha.txt | uniq -w64 -D`

   Nakala za kawaida zitatokea hapa, kwa mfano wimbo uliowekwa kwenye folda mbili. Lakini tazama flashi iliyotoka kwenye vibanda vya kuchapisha vya Nasser Road, ilikopita mashine nyingi kwa siku. Unakuta `Kadi za harusi.exe`, `Picha.exe`, `Ripoti.exe` na `Muziki.exe`, kila moja imebeba jina la folda iliyo karibu nayo, zote zina heshi moja na ukubwa mmoja. Hakuna programu ya halali inayojinakili kwa majina ya folda za mwenyewe. Umempata mgeni huyo kabla hujatumia hata kilobaiti moja ya bando.

5. Uliza hifadhidata ya mtandaoni. CIRCL, kituo cha usalama wa kompyuta cha Luxemburg, wana huduma ya bure ya kutafuta faili zinazojulikana. Unatuma heshi tu, faili lenyewe linabaki kwako:

   `curl.exe -s https://hashlookup.circl.lu/lookup/sha256/HESHI`

   Weka heshi yako mahali pa neno HESHI. Kwenye PowerShell andika `curl.exe` hivyo hivyo na mwisho wake, kwa sababu `curl` peke yake huko ni amri nyingine. Faili ikijulikana utapata jina lake, ukubwa, na orodha au kifurushi ilikotoka. Utaona pia `hashlookup:trust`, alama kati ya 0 na 100. 50 ni katikati, na inapanda kadiri vyanzo vinavyoijua faili vinavyoongezeka. Isipojulikana unajibiwa kwamba haipo.

   Kama una heshi nyingi kwenye Linux, zitume moja moja kwa kupumzika kidogo, ni huduma ya hisani hiyo:

   `cut -c1-64 ~/kazi/orodha.txt | sort -u > ~/kazi/heshi.txt`

   `while read h; do curl -s https://hashlookup.circl.lu/lookup/sha256/$h; echo; sleep 1; done < ~/kazi/heshi.txt > ~/kazi/majibu.txt`

   Picha za familia, barua na hesabu za duka usizitume. Hazimo kwenye orodha yoyote ya programu, unapoteza muda na bando bure. Hivyo hivyo kwa fomu za Excel za URA, mamlaka ya mapato ya Uganda: ikishajazwa namba moja, si faili ileile tena.

6. Chukua orodha kubwa ikae kwako. Hii ni kwa mwenye kazi nyingi au mwenye mtandao wa kubahatisha. NIST wanatunza maktaba ya marejeo ya programu inayoitwa NSRL: wanakusanya programu, wanazifungua, wanatoa heshi za kila faili, na wanatoa orodha mpya kila robo ya mwaka, bure. Siku hizi inakuja kama hifadhidata ya SQLite. Ni gigabaiti nyingi, kwa hiyo ipakue chuoni au ofisini kwenye waifai, na uanze na toleo lao dogo la programu za kisasa. Wengi wanaitumia kupitia Autopsy, programu ya bure ya uchunguzi wa diski. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya Hash Sets, unaongeza orodha na kuiwekea alama kwamba ni ya faili zinazojulikana. Ukiichunguza diski, Autopsy itaweza kukuondolea machoni faili zote zilizomo kwenye orodha.

   Onyo kubwa la mwongozo huu ni hili. NSRL si orodha ya faili salama. NIST wenyewe wanalisema wazi: humo mna programu za kawaida, na mna pia zana za udukuzi na za kuficha ujumbe ndani ya picha, kwa sababu nazo ni programu zinazojulikana. Likitokea jibu, soma jina la bidhaa. Usisome neno "inajulikana" ukafunga kazi.

7. Tengeneza orodha yako mwenyewe. Kwa fundi wa hapa kwetu naiona hatua hii ina faida kuliko zote. Programu ya mauzo ya duka la dawa iliyoandikwa na kijana wa Ntinda haimo NSRL wala Luxemburg, na haitakuwamo. Lakini wewe unaweza kuijua. Siku unaposakinisha mashine upya kutoka kwa chanzo safi, kabla haijaguswa na flashi ya mtu, toa heshi zake zote uzihifadhi pamoja na tarehe na toleo la programu. Kwenye Ubuntu sakinisha zana kwa `sudo apt install hashdeep`, kisha:

   `sha256deep -r /mnt/mashine-safi > ~/kazi/zinazojulikana.txt`

   Mteja akirudi analalamika mashine imekuwa nzito:

   `sha256deep -r -x ~/kazi/zinazojulikana.txt /mnt/mashine-ya-mteja`

   Inakuonyesha zile tu ambazo hazimo kwenye orodha yako. Masasisho ya Windows yataleta nyingi mpya, hilo ni la kawaida. Ndiyo sababu ya kuitoa orodha upya mara kwa mara.

8. Chunguza zilizobaki. Hapa heshi imemaliza sehemu yake na kichwa chako kinaanza. Kwanza angalia kama faili imetiwa sahihi: `Get-AuthenticodeSignature .\faili.exe`. Ikisema Valid, soma ni jina la nani. Ikisema HashMismatch, faili imebadilishwa baada ya kutiwa sahihi. Iweke pembeni mara moja. NotSigned peke yake si kosa, programu nyingi ndogo ziko hivyo.

   Kisha ibandike heshi kwenye kisanduku cha kutafutia cha VirusTotal, tovuti inayoonyesha programu nyingi za kupambana na virusi zinasemaje kuhusu faili. Ukitaka kuona jibu la faili mbaya linavyokuwa bila kugusa kitu chochote cha hatari, tafuta 275a021bbfb6489e54d471899f7db9d1663fc695ec2fe2a2c4538aabf651fd0f. Hiyo ni faili ya majaribio ya EICAR, ya baiti 68, iliyotengenezwa ili programu za kupambana na virusi zijipime nayo, haidhuru chochote.

   Tafuta heshi, usipakie faili. Ukipakia, faili linaweza kusomwa na watu wengine wanaolipia huduma hiyo. Kama ni orodha ya mishahara au majalada ya wagonjwa wa zahanati, umeshatoa taarifa za watu, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. VirusTotal ikisema haijaiona heshi hiyo, maana yake ni hiyo tu. Virusi vilivyotengenezwa leo asubuhi vitajibiwa hivyo hivyo.

Mambo yakikwama

*Heshi si sawa na ya tovuti.* Linganisha ukubwa wa faili kwanza. Mara nyingi bando lilikatika na faili ni nusu, au umepakua ya biti 32 na heshi uliyonakili ni ya biti 64. Pakua upya kutoka tovuti rasmi. Ikitofautiana tena huku ukubwa na toleo ni vilevile, usiifungue.

*Moja ina herufi kubwa, nyingine ndogo.* Ni heshi ileile. Na kwenye Windows 7, `certutil`, zana ya Windows inayoweza kutoa heshi, huweka nafasi kati ya kila herufi mbili; ziondoe kabla ya kulinganisha.

*CIRCL haiijui faili ambayo nina hakika ni ya Windows.* Rekodi nyingi za zamani hazikuandikiwa SHA-256. Toa SHA-1 kwa `Get-FileHash -Algorithm SHA1`, na kwenye anwani badilisha sha256 iwe sha1.

*Inakataa kusoma faili.* Faili inatumika wakati huo, au huna mamlaka. Fungua PowerShell kama msimamizi. Kwa faili ambazo Windows inazishikilia, washa mashine kwa flashi ya Ubuntu na usome diski kutoka huko.

*Inachelewa mno.* Kutoa heshi ni kusoma kila baiti, hakuna njia ya mkato. Flashi iliyojaa filamu itachukua muda mrefu, hasa kwenye mlango wa USB 2. Acha folda za video kwa zamu ya mwisho.

*Faili moja, nimepima mara mbili, heshi mbili tofauti.* Kama hakuna programu inayoliandika faili hilo, shuku kifaa: RAM, waya, au flashi yenyewe. Flashi za ukubwa wa uongo zimejaa sokoni; zinajitangaza gigabaiti 512 na ndani ni chache tu, na ukipitisha kiwango chake halisi faili zinaharibika kimya kimya. Nakili faili kubwa hadi ikaribie kujaa, ichomoe flashi, ichomeke tena, kisha toa heshi na ulinganishe na za asili. Kuchomoa ni lazima, la sivyo kompyuta inaweza kukusomea nakala iliyo kwenye kumbukumbu yake. Rudisha flashi dukani kabla hujaiwekea kazi ya mteja.

*APK (faili la kusakinisha programu ya Android) niliyopewa na rafiki haina heshi sawa na ya simu yangu, na zote ni toleo moja.* Tangu Agosti 2021 Google Play inazitaka programu mpya ziletwe kwa muundo unaokatwa vipande kulingana na simu inayopakua, kwa hiyo simu mbili zinaweza kupata faili tofauti za halali. Kwa APK, linganisha cheti cha mtengenezaji: sakinisha `apksigner` kwenye Ubuntu, uandike `apksigner verify --print-certs faili.apk`, kwa APK ya rafiki na kwa ile iliyotoka Play. Mstari wa SHA-256 wa cheti ukiwa mmoja, zimetoka kwa mtengenezaji mmoja. Ukitofautiana, kama itokeavyo kwa zile WhatsApp zilizochezewa zinazopitishwa simu kwa simu ili kuokoa bando, usiisakinishe.